Umeme Umefika, Deni la Sola Limebaki: Dhamiri Inatudai Nini?

Utangulizi

Wakati wa likizo, baada ya sala ya jumuiya ndogondogo kijijini kwetu wilayani Ngara, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Frateri, TANESCO wameshaniwashia. Ile sola ya mkopo nimeacha kuilipia, na wao wameshaifunga. Nilikuwa nimebakiza laki moja na elfu themanini. Mimi sipati mwanga wao, wao hawapati hela yangu. Si tumeshamalizana?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe muda. Somo hili ni jibu langu kwake, na kwa wengine wengi wenye swali hilohilo.

1. Tumefikaje hapa

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Mijini tulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na vijijini koroboi na tochi. Kisha zikaja kampuni za sola za mkopo. Unatoa kianzio, unafungiwa paneli, betri na taa, halafu unalipa kidogo kidogo kwa simu. Usipolipa, mtambo unajizima mpaka ulipe.

Leo njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Geita imefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Pale Rusumo, wilayani Ngara, upo mtambo wa maji wa megawati 80 ambao Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi. Kupitia miradi ya REA, mwanakijiji ameweza kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Mtu mwenye deni la sola akiona nguzo mlangoni kwake, anaona ni rahisi zaidi kutoa hiyo 27,000 kuliko kumalizia deni.

2. Tulinunua nini?

Jibu la yule mama linategemea jambo moja: alinunua mwanga au alinunua mtambo?

Kama mkataba ni wa kukodi, yaani unalipia siku unazotumia, basi ukirudisha vifaa unabaki na deni la siku ulizokwisha kutumia tu. Lakini mikataba mingi ni ya kununua mtambo kwa awamu. Hapo deni ni bei ya kitu ulichokwisha kupokea. Kampuni inapoufunga mtambo inakubana ulipe. Haijafuta mauzo. Ni sawa na mtu aliyekopa baiskeli kwa awamu akaiegesha chumbani: kutoiendesha hakupunguzi bei yake.

Kutokana na hilo linafuata jingine. Wako ndugu wanaouza paneli, au wanampelekea shemeji ambaye nguzo bado hazijamfikia, kabla hawajamaliza kulipa. Kama mkataba unasema mtambo ni mali ya kampuni mpaka awamu ya mwisho, kuuza ni kuuza cha mwenzako.

Tusidhani pia kwamba kuhamia LUKU ni kuhama madeni. Deni likiwa kwenye mita, hukatwa mtu anaponunua uniti. Mwenye nyumba akiondoka na kuacha deni, mpangaji mpya ndiye anayekatwa. Mita haijui nani aliwasha taa. Dhamiri ya aliyeondoka inajua.

3. Haki ni nini?

Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, mzee Kefalo anaiona haki kuwa ni kusema kweli na kurudisha ulichokopa. Sokrate anampinga kwa mfano: rafiki amekukabidhi silaha, kisha amerukwa na akili na anaitaka. Je, umpe? Pingamizi hilo linatufundisha kwamba kulipa hakufanywi kwa macho yaliyofumbwa, lazima tumwangalie mtu na hali yake. Lakini Sokrate hasemi kwamba deni linakwisha kwa sababu anayedai hatupendezi au ni tajiri.

Mapokeo ya Kanisa yanaiita haki hii haki ya kubadilishana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411, inafundisha kwamba haki hiyo inadai kwa ukali kulipa madeni na kutimiza tuliyokubali kwa hiari. Kumbuka pia mjane wa 2 Wafalme 4:1-7. Mafuta yalipoongezeka kwa muujiza, Elisha alimwagiza ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Neema ya Mungu haikufuta deni. Ilimpa uwezo wa kulilipa.

4. Na asiye na uwezo?

Hapa ndipo kiini cha somo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 62), anasema asiyeweza kulipa mara moja hafungwi kulipa mara moja. Lakini anafungwa na jambo jingine: aende mwenyewe, au amtume mtu, kumwomba anayemdai amsamehe au amwongezee muda.

Kwa hiyo kosa la wengi wetu halianzii kwenye kukosa fedha. Linaanzia kwenye kunyamaza, kubadilisha laini ya simu na kumkwepa wakala sokoni. Anayeumia kwanza mara nyingi ni mdhamini, jirani aliyeweka jina lake kwa sababu alituamini.

Mdai naye ana sheria yake. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, na inamtaka mdai asubiri nje ya nyumba ya maskini. Kampuni iliyouza betri mbovu, au iliyoficha bei kamili, haiwezi kudai haki huku ikiivunja. Mwenye malalamiko ya kweli ayaeleze waziwazi, kwa kampuni na ikibidi kwa Tume ya Ushindani. Kunyamaza na kutolipa hakumsaidii.

5. Hatua za kufuata

Kabla ya kuhama, soma mkataba au mwombe mtu akusomee. Uliza salio kwa maandishi. Tunza ujumbe wote wa malipo. Uliza kama inawezekana kurudisha vifaa, kupunguziwa awamu au kupunguziwa bei ukilipa kwa mkupuo. Mweleze mdhamini wako kabla hajasikia kwa wengine. Ukimaliza, dai uthibitisho kwamba hudaiwi.

Hitimisho

Nilipomweleza mama yule haya, alinyamaza kidogo, kisha akasema kinachomsumbua hasa ni shemeji yake aliyemdhamini. Walikwenda pamoja kwa wakala. Wamekubaliana awamu ndogo, na bado analipa. Sola imefunguliwa tena, na TANESCO ikikatika anaiwasha.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, kuna mtu ninayemkwepa kwa sababu ya deni?
2. Je, kuna aliyenidhamini ambaye sijamwambia ukweli?
3. Mimi ninapodai, je, ninasubiri nje ya mlango?