Kukokotoa Namba Zilizo katika Umbo Sanifu

Huko Nyarugusu, mkoani Geita, mawe huhesabiwa kwa tani na dhahabu kwa gramu. Tani moja ni gramu 1,000,000. Mchimbaji akisema mwamba wake una gramu 5 kwa tani, maana yake dhahabu ni sehemu 0.000005 tu ya jiwe zima. Kosea sifuri moja, na gramu 5 zitageuka 50 au nusu gramu. Ili tusipotee katika sifuri, tunatumia umbo sanifu.

Kumbuka

Namba katika umbo sanifu huandikwa A × 10ⁿ, ambapo 1 ≤ A < 10 na n ni namba kamili. Hivyo 1,000,000 = 1 × 10⁶, na 0.000005 = 5 × 10⁻⁶.

Nukta ya A ikihama kushoto hatua moja, ongeza 1 kwenye kipeo. Ikihama kulia hatua moja, punguza 1.

Kuzidisha: zidisha A, jumlisha vipeo

*Mfano wa 1.* Mawe yenye uzito wa gramu 8 × 10⁶ yana dhahabu sehemu 5 × 10⁻⁶. Tafuta uzito wa dhahabu.

Suluhisho:
(8 × 10⁶) × (5 × 10⁻⁶)
= (8 × 5) × 10⁶⁺⁽⁻⁶⁾
= 40 × 10⁰
= 4 × 10¹

Dhahabu ni gramu 40. Usiishie kwenye 40 × 10⁰, kwa kuwa 40 si chini ya 10 na jibu hilo bado haliko katika umbo sanifu.

Kugawanya: gawanya A, toa vipeo

*Mfano wa 2.* Gramu 197 za dhahabu zina atomu 6.02 × 10²³. Atomu moja ina gramu ngapi?

Suluhisho:
(1.97 × 10²) ÷ (6.02 × 10²³)
= (1.97 ÷ 6.02) × 10²⁻²³
= 0.327 × 10⁻²¹
= 3.27 × 10⁻²²

Nukta imehama kulia hatua moja, kwa hiyo kipeo kimepungua kutoka −21 hadi −22. Wengi hapa huandika −20. Kwenye vipeo hasi, kupungua ni kwenda mbali zaidi na sifuri.

Kujumlisha na kutoa: sawazisha vipeo kwanza

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea. Fikiria una noti 3 za shilingi elfu kumi na noti 8 za shilingi elfu moja. Huwezi kusema una noti 11 za elfu kumi. Una shilingi 38,000:

(3 × 10⁴) + (8 × 10³)
= (3 × 10⁴) + (0.8 × 10⁴)
= 3.8 × 10⁴

Badili namba yenye kipeo kidogo ifuate yenye kipeo kikubwa. Kisha jumlisha au toa A peke yake. Kipeo hakijumlishwi wala hakitolewi.

*Mfano wa 3.* Mwamba uliosagwa ulikuwa na dhahabu sehemu 1.2 × 10⁻⁵. Baada ya kuoshwa, marudio yalibaki na sehemu 7 × 10⁻⁶. Ni sehemu gani iliyotolewa?

Suluhisho: Kipeo kikubwa ni −5, si −6.
(1.2 × 10⁻⁵) − (7 × 10⁻⁶)
= (1.2 × 10⁻⁵) − (0.7 × 10⁻⁵)
= 0.5 × 10⁻⁵
= 5 × 10⁻⁶

Hakiki: gramu 12 kwa tani ukitoa 7 unabaki na 5. Katika mfano huu dhahabu iliyobaki kwenye marudio ni nyingi kuliko iliyopatikana. Asiyejua hesabu hii anaweza kuuza marudio yake kwa bei ya mchanga.

Swali la kuunganisha

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa dhahabu. Tone moja la zebaki lina ujazo wa sm³ 5 × 10⁻², na kila sm³ 1 ya zebaki ina gramu 1.36 × 10¹. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi gramu 6 × 10⁻⁶ za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita. Tuseme tone hilo lote limeyeyuka majini. Linatosha kufikisha lita ngapi kwenye kikomo hicho?

Suluhisho:
Uzito wa tone = (5 × 10⁻²) × (1.36 × 10¹) = 6.8 × 10⁻¹

Lita = (6.8 × 10⁻¹) ÷ (6 × 10⁻⁶)
= 1.13 × 10⁻¹⁻⁽⁻⁶⁾
= 1.13 × 10⁵

Ni takribani lita 113,000, yaani matangi zaidi ya 56 ya lita 2,000. Mtahiniwa anayesahau kuwa kutoa hasi ni kujumlisha ataandika 1.13 × 10⁻⁷, maji machache kuliko hata tone moja. Tarakimu ni zilezile, lakini jibu moja linakuonya na jingine linakudanganya kuwa hakuna hatari. Kwa hiyo, kabla ya kwenda swali jingine, jiulize: jibu hili linaingia akilini?

Zoezi

Toa majibu katika umbo sanifu.

1. (4 × 10⁵) × (6 × 10⁻³)
2. (9.3 × 10⁴) + (8 × 10³)
3. (2.5 × 10⁻³) − (7 × 10⁻⁴)
4. Kila sm³ 1 ya dhahabu ina gramu 1.93 × 10¹. Tafuta ujazo wa gramu 3.86 × 10² za dhahabu.

Majibu

1. 2.4 × 10³
2. 1.01 × 10⁵
3. 1.8 × 10⁻³
4. sm³ 2 × 10¹

Ukikosa swali la 2 au la 3, rudi kwenye mfano wa noti, kisha ulifanye upya bila kutazama jibu.