Dondoo Muhimu: Riwaya za Nchi za Kubuni, Uanze na Ipi?

Ukiwa Kiboko, kati ya Nairobi na Mombasa, na kitabu unakiagiza kutoka mojawapo kije kwa basi, panga mfuatano wa kusoma kabla hujalipa.

1. Anza na Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert: ni fupi, ina majini na ndugu waliogeuzwa manyani.

2. Fuatisha Kusadikika (1951) ya mwandishi huyohuyo, kuhusu nchi iliyo angani. Usiruke safari yoyote kati ya zile sita za wajumbe. Utetezi wa mshtakiwa, Karama, mahakamani umejengwa juu ya safari hizo.

3. Kisha Kufikirika, yake pia. Usipange kwa mwaka wa jalada: ilichapishwa 1967, mwandishi akiwa ameshafariki, ilhali aliiandika 1946. Hata hivyo iache ya tatu, kwani Kusadikika humzoesha msomaji mafumbo yake.

4. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi: tamka jina polepole, "wale ni sisi", ndipo ufungue.

5. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ziwe za mwisho. Hapa wengi hukosea: huona wembamba wake, wakaanza nazo, wakakata tamaa kurasa za mwanzo. Ziagize pamoja, Nagona itangulie, na usitafute kisa kilichonyooka.

6. Usisome mwongozo kabla ya riwaya yenyewe.

7. Kitabu cha mtumba kihesabu kurasa kwanza.

Ukiwa na pesa za kimoja tu, nunua Kusadikika.