Wavuvi Washauriwa Kuhakiki Transdyusa Kabla ya Kununua

Vifaa vya kutafutia samaki vimeanza kuonekana katika boti za mwambao wa Ziwa Victoria, vingi vikiwa vimetumika. Mara nyingi huuzwa kioo peke yake, bila transdyusa, yaani kile kichwa kinachozamishwa majini. Hapo ndipo fedha za kikundi hupotea, kwa kuwa si kila transdyusa hukubaliana na kila kioo.

Transdyusa hupeleka sauti majini. Sauti hiyo husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga sakafu ya ziwa au kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, kisha hurejea. Kioo husubiri mwangwi wa masafa yale yale kiliyotengenezewa. Kioo cha kilohezi 200 kikiunganishwa na transdyusa ya kilohezi 50, picha huwa hafifu au haipatikani kabisa. Nguvu nayo ipimwe: kioo chenye wati nyingi huweza kuunguza transdyusa ndogo. Plagi kuingia vizuri si uthibitisho wa lolote, na kukata waya ili kubadili plagi ni kubahatisha kwa mali ya wenzako.

Masafa ya chini hufika mbali zaidi, ila picha yake ni ya jumla. Kwa kuwa kina kikubwa cha Ziwa Victoria ni takriban mita 80, kilohezi 200 hutosha. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wana hesabu nyingine. Upana wa mwale nao uangaliwe. Mwale wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10, huona duara lenye upana wa takriban mita 3.5 tu, ilhali wa nyuzi 60 huona zaidi ya mita 11. Hivyo samaki anayeonekana kiooni si lazima awe chini ya boti kabisa.

Wapo wanaoibandika transdyusa kwa ndani. Njia hiyo hufaa boti za faiba isiyo na tabaka la povu. Mbao huzuia sauti. Kwa boti zetu za mbao, ifungwe tezini, mbali na rafadha, mahali maji yanapopita bila mapovu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike namba ya toleo iliyo nyuma ya kioo, apige picha ya plagi na kibandiko cha waya, avipeleke kwa Afisa Uvuvi wa kata. Muuzaji asiyekubali kifaa kijaribiwe majini aachwe na kifaa chake.