SOMO LA KIKUNDI: Tumuulize Mgonjwa Angali na Sauti



Leo tunajifunza jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa. Kwanza mmoja wetu asome Isaya 38:1-5. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa mahututi, akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake. Alilia, akaomba, na akaongezewa miaka 15. Kwa hivyo kutayarisha nyumba si kuita kifo. Ni kazi ya mtu aliye hai.

Mfano wa kujadili

Mama mmoja upande wa Molo ana kansa ya mlango wa kizazi. Daktari amewaambia watoto kwamba haitapona, ila maumivu yanaweza kupunguzwa. Watoto wamemficha mama. Kijana wake aliye Nairobi anataka ng'ombe na kipande cha shamba viuzwe, mama apelekwe hospitali nyingine. Binti anayemuuguza anaona mama amechoka na safari za matatu. Mashemeji nao wanauliza atazikwa wapi. Kila mtu anasema, lakini mama mwenyewe hajaulizwa.

Kansa ikizidi, mgonjwa anaweza kushinda amelala au kuchanganyikiwa. Tukingoja siku hiyo, tumechelewa.

Mambo manne ya kumuuliza

1. Anataka kujua kiasi gani? Anzeni polepole: "Mama, wewe unauonaje ugonjwa wako?" Wengine wanataka kuelezwa yote. Wengine husema, "Mwambieni dada yangu." Tuwaheshimu wote.

2. Nani atamsemea? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mgonjwa kumchagua mtu, kwa maandishi, atakayetoa idhini ya matibabu iwapo yeye hataweza. Asipoandika, huulizwa jamaa wa karibu. Na jamaa wakiwa watatu na mawazo matatu, hapo ndipo ugomvi huanza.

3. Auguzwe wapi, na vipi? Nyumbani ama hospitali? Aendelee kutafuta tiba ya kansa, ama atulizwe maumivu tu? Angependa kuombewa na nani? Wengine husema mofini ni dawa ya kummaliza mtu. Si kweli. Mofini ya maji hunywewa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na ikifuata kipimo cha daktari hutuliza maumivu bila kumuua mgonjwa. Lakini hufunga choo, kwa hivyo ulizeni pia dawa ya kulainisha choo. Huduma ya namna hii ilianza nchini na Hospisi ya Nairobi mwaka 1990. Kwetu iko Hospisi ya Nakuru.

4. Mali, watoto na mazishi. Nani atakaa na watoto? Ana deni gani, na nani ana deni lake? Azikwe wapi? Kwa Sheria ya Urithi, wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Anayerithi asiwe shahidi, maana anaweza kupoteza fungu lake. Wosia wa mdomo pia unahitaji mashahidi wawili, na hauna nguvu mtu akifa baada ya miezi mitatu kupita. Afadhali kuandika.

Kazi yetu

Tusiende umati. Waende wawili ambao mgonjwa anawaamini. Kikundi hakiamui, kinasikiliza. Maneno yake yaandikwe pamoja na tarehe, asomewe, kisha atie sahihi ama kidole gumba. Nakala moja ikae na aliyechaguliwa kumsemea, nyingine iende naye hospitali. Akibadili mawazo, tuandike upya bila kunung'unika.

Na kabla ya harambee, tujiulize: pesa hizi ni za kufanya anachotaka nani? Mara nyingi tunachanga nyingi kwa mazishi, na mgonjwa alikosa sabuni, godoro na nauli ya kufuata dawa.

Maswali

- Katika mfano wetu, nani angefaa kuanza kuongea na mama? Kwa nini?
- Ni nini kinatuzuia kuuliza katika nyumba zetu?
- Kikundi chetu kinaweza kutenga kitu gani kwa wanaougua, kabla ya mazishi?

Huenda mama wa Molo akiulizwa atasema tu, "Msiuze ng'ombe. Watoto wanywe maziwa, na mimi nitulizwe maumivu hapa nyumbani." Hatutajua mpaka tumuulize.

Tumalize kwa maombi, tukiwataja wagonjwa wetu.