Mshale wa Spidi: Jinsi Ninavyopima Ukweli Wake

Madereva wengi ninaosafiri nao kati ya Dar na Morogoro wana imani moja: penye kibao cha 50, mshale ukisoma 55 bado uko salama, kwa kuwa "spidomita huwa inazidisha." Mara nyingi inazidisha kweli. Ila inazidisha kiasi gani, hilo hutegemea gari lenyewe na matairi yake, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda magari, inakataza kabisa spidomita kusoma chini ya mwendo halisi. Kuzidisha ruksa, mwisho ni asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 80 linaweza kuonyesha hadi 92 na likawa halijavunja kanuni.

Hayo ni ya gari jipya. Mengi ya kwetu yametumika Japani kwanza, na ukaguzi wa huko una kipimo chake. Mshale ukiwa 40, gari lililotengenezwa tangu 2007 hupita iwapo mwendo halisi uko kati ya 30.9 na 42.5. Kumbe linaweza kufaulu huku mshale ukisoma pungufu!

Kisha yanakuja matairi. Spidomita huhesabu mizunguko, haioni barabara. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Ukifungiwa 195/70R15 ili gari liinuke kidogo, kipenyo kinafika 654, na kila mzunguko unakusogeza asilimia 3 zaidi bila mshale kujua. Tairi lililolika hufanya kinyume chake: mshale huzidisha zaidi.

Kupima si kazi. Najaza upepo unaotakiwa, natafuta kipande kilichonyooka, tambarare, kisicho na magari mengi, na abiria anashika simu yenye programu ya GPS. Nashikilia 40 bila kuongeza wala kupunguza mafuta, kwa sababu GPS huchelewa kidogo mwendo unapobadilika. Tarakimu ikitulia, abiria anaandika. Halafu 60, halafu 80.

Huna simu ya namna hiyo? Tumia vibao vya kilomita vya kando ya barabara. Mshale ukikaa 60 na ukiwa unasema kweli, kilomita 5 ni dakika 5 kamili. Abiria ahesabu sekunde, kisha gawanya 18,000 kwa sekunde hizo. Zikiwa 320, mwendo wako ulikuwa 56.

Mshale ukizidisha kidogo, acha hivyo hivyo. Ukisoma pungufu, angalia kwanza saizi ya tairi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, rudisha hiyo, upime upya. Ukiendelea kusoma pungufu, mpelekee fundi umeme aangalie sensa ya mwendo, na hadi atakapomaliza endesha kwa kusoma GPS.