Kupanga Safari ya Mlimani: Somo la Hewa, Baridi na Theluji kwa Shule za Bariadi

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni mji wa Bariadi, kwa sehemu kubwa ni nchi ya mbuga na vilima vidogo. Mto Simiyu, ulioupa mkoa huo jina, huteremka pole pole hadi Ziwa Victoria, na uso wa ziwa hilo upo meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa maji hayapandi mlima, ni dhahiri kwamba Bariadi ipo juu zaidi ya kiwango hicho. Katika somo hili tutachukua kimo cha meta 1,300.

Mwanafunzi aliyekulia katika nchi kama hii huzoea kupima safari kwa kilometa na kwa saa za basi. Akitaka kwenda Moshi kwa barabara ya Shinyanga, Nzega, Singida, Babati na Arusha, huuliza nauli ni kiasi gani na atafika lini. Lakini shule inayokusudia kuwapeleka wanafunzi wake katika Mlima Kilimanjaro haina budi kutumia kipimo kingine. Safari ya mlimani hupangwa kwa kimo, na hasa kwa kimo cha mahali pa kulala. Anayekosea hesabu hiyo aweza kuhatarisha maisha ya watoto wa watu. Shabaha ya makala hii ni kueleza sababu zake kwa kutumia elimu ambayo mwanafunzi wa sekondari tayari anayo.

Hewa hupungua vipi?

Hewa ina uzito. Sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa hewa iliyo juu yetu ndio unaoleta kanieneo ya hewa. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyobaki juu yetu inakuwa chache zaidi, na kanieneo inashuka. Katika usawa wa bahari kanieneo ya kawaida huinua zebaki milimeta 760. Yafuatayo ni makadirio ya mahali mbalimbali katika njia ya Marangu:

Bariadi, meta 1,300: milimeta 650 (asilimia 86 ya kanieneo ya pwani)
Lango la Marangu, meta 1,860: milimeta 607 (asilimia 80)
Kituo cha Mandara, meta 2,720: milimeta 545 (asilimia 72)
Kituo cha Horombo, meta 3,720: milimeta 480 (asilimia 63)
Kituo cha Kibo, meta 4,720: milimeta 420 (asilimia 55)
Kilele cha Uhuru, meta 5,895: milimeta 360 (asilimia 47)

Wengi hudhani kwamba kule juu oksijeni imetoweka. Sivyo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, yaani asilimia 21, Bariadi na kileleni pia. Kilichopungua ni hewa yote. Kila pumzi moja ya kileleni huleta oksijeni karibu nusu tu ya ile inayoletwa na pumzi ya mtu aliyesimama ufukoni Tanga.

Hata mashine huona upungufu huo. Katika nchi za baridi kama Kanada kuna vyombo vidogo vya injini viendavyo juu ya theluji kwa mkanda na skii. Injini ya kawaida ya petroli hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila meta 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ya kuunguzia mafuta imepungua. Waendeshaji wa vyombo hivyo milimani hulazimika kuikadiria hasara hiyo kabla ya kuondoka. Nasi tunaokwenda Kilimanjaro kwa miguu hatuna budi kuikadiria, kwani injini yetu ni mwili wenyewe.

Mwili hufanya nini?

Mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, hujirekebisha. Kwanza mtu hupumua kwa haraka na moyo hupiga mbio. Baada ya siku kadhaa damu na figo hubadilika ili kuufuata mwendo huo mpya wa kupumua. Kisha, katika majuma, chembe nyekundu za damu huongezeka. Mabadiliko haya yanahitaji muda, wala hayaharakishwi kwa ushujaa.

Asiyeupa mwili wake muda huo huweza kupata ugonjwa wa kimo. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kukosa usingizi. Hali ikizidi, maji hujaa mapafuni, na mgonjwa hukohoa na kuhema hata akiwa amekaa. Au ubongo huvimba, naye hupepesuka kama mlevi na kuchanganyikiwa. Hali hizo mbili huua, pengine kwa muda wa saa chache tu. Dawa iliyo ya hakika kuliko zote ni kumteremsha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku.

Mwalimu atambue kwamba ugonjwa huu hauchagui wanyonge. Kijana hodari wa mpira yumo hatarini sawa na wenzake, na pengine zaidi, kwa sababu hupanda kwa haraka na huona haya kusema kwamba kichwa kinamwuma.

Nani asipande kabla ya kupimwa?

Kuna jambo moja linalowahusu sana wakazi wa Kanda ya Ziwa. Kanda hii ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako urithi wa selimundu umeenea sana. Aliyeurithi kwa wazazi wote wawili huwa na ugonjwa wenyewe: chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni hujikunja kwa umbo la mundu na kuziba mishipa midogo ya damu. Mtu huyo asipelekwe mlimani.

Aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima, na mara nyingi hajui kabisa kwamba anao. Wengi wa namna hii hupanda na kurudi salama, lakini imethibitika kwamba baadhi yao huharibika bandama wafikapo mahali pa juu, nao husikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kipimo cha damu hospitalini huonyesha hali ya kila mmoja. Basi, kipimo hicho kitangulie michango ya nauli, na uamuzi uwe wa daktari. Mwanafunzi atakayezuiwa asifanywe kichekesho; hesabu, ramani na majaribio ya safari hii vinahitaji watu pia.

Kupanga ratiba

Kanuni inayofuatwa na waganga wa milimani ni hii: ukishavuka meta 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya meta 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya mapumziko. Mchana waweza kupanda juu zaidi, mradi urudi chini kulala.

Hebu tuitumie kanuni hii. Kutoka Mandara hadi Horombo ni meta 1,000. Anayelala Mandara usiku mmoja tu, kisha akalala Horombo, ameongeza meta 1,000 kwa mara moja. Akilala Mandara usiku wa pili, wastani wake unakuwa meta 500 kwa usiku. Kwa hiyo, ratiba inayowafaa wanafunzi ni kulala Mandara siku mbili, na kuitumia siku ya pili kutembelea kreta ya Maundi iliyo karibu, kisha kulala Horombo siku mbili, na katika siku ya pili kupanda kidogo kuelekea Mawenzi na kurudi, halafu kuteremka.

Huenda msomaji akauliza: na kilele je? Kwa maoni yangu, kundi la shule liishie Horombo. Hapo vilele vya Kibo na Mawenzi huonekana wazi, mimea hubadilika kutoka msitu hadi nyasi na vichaka vya mlimani, na masomo yote ya makala hii huweza kupimwa. Wanaotaka Uhuru waende wakiwa watu wazima, kwa siku nyingi zaidi. Kwa vyovyote, vibali na waongozaji wenye leseni ni lazima katika hifadhi hii ya taifa.

Miezi nayo ichaguliwe vizuri. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia kuwa matope na utelezi, na theluji huongezeka juu. Mwishoni mwa Juni na Julai mvua huwa imekatika, ingawa usiku ni wa baridi sana.

Baridi na nguo

Kwa wastani halijoto hushuka nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila meta 1,000. Ikiwa Bariadi ni nyuzi 25, Horombo tutarajie kiasi cha nyuzi 9, na kileleni kiasi cha nyuzi 5 chini ya sifuri. Usiku na upepo hushusha zaidi.

Simiyu ni mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na twaringia zao letu. Hata hivyo, nguo ya pamba haifai kuvaliwa karibu na ngozi mlimani. Nyuzi zake hunywa maji na jasho, hukauka pole pole, na zikilowa hewa iliyomo kati yake hutoka. Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia joto lisipotee. Sufu, au nyuzi za viwandani kama poliesta, hufaa zaidi. Tena nguo tatu nyepesi zilizopandana hushinda koti moja zito, kwa sababu kati yake hukaa matabaka ya hewa.

Theluji na nuru

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alieleza kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na wataalamu kadhaa wa Ulaya wakambishia, kwa kuwa mlima huo upo digrii 3 tu kusini ya Ikweta. Sisi tuliokwisha kukokotoa halijoto tunaona kwamba hakuna muujiza hapo, kimo kimetosha. Barafu hiyo inapungua: mwaka 1912 ilifunika kiasi cha kilometa za mraba 12, na mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Wataalamu hutaja ukavu wa hewa na kupanda kwa joto duniani.

Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 au zaidi ya nuru, na miali ya urujuanimno huongezeka kwa kimo. Miwani ya jua na kofia pana si mapambo.

Amri ya kurudi

Kabla ya kuondoka Bariadi, iandikwe nani ana mamlaka ya kumrudisha mgonjwa, mwalimu gani atateremka naye, na nani atabaki na kundi. Jambo hili lisingoje kujadiliwa Horombo saa nane za usiku, watu wakiwa wamechoka na wakifikiria fedha zilizokwisha kulipwa.

Mazoezi

1. Chemsha maji shuleni na upime halijoto yake. Kiwango cha mchemko hushuka takribani nyuzi 1 kwa kila meta 300. Kadiria kimo cha shule yako, kisha ueleze kwa nini maharage hukawia kuiva Horombo.

2. Shule fulani imepanga kulala Mandara, Horombo na Kibo, usiku mmoja kila mahali. Ikosoe ratiba hiyo kwa tarakimu, kisha uandike yako.

3. Mwanafunzi aliyelala Horombo anaumwa kichwa na ametapika mara mbili, lakini anasema yu mzima. Mwalimu afanye nini, na kwa sababu gani?