Mtoto Asiyeshika Kusoma: Si Uvivu Wala Si Jini

Nilipokuwa madrasa tulikuwa na mwenzetu aliyehifadhi sura kwa kusikiliza tu. Ustadhi akiisoma mara chache, naye anaijua. Lakini akifunguliwa juzuu, "ba" anaiita "ta", jasho linamtoka. Alichapwa bakora mpaka akaacha chuo. Leo nikiwa tabibu najua kuwa yule hakuwa mvivu.

Hali ya namna hii huitwa disleksia. Ni ugumu wa kusoma na kuandika unaompata mtoto mwenye akili nzuri, anayeona na kusikia sawasawa, na aliyefundishwa kama wenzake. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa akili na asiyesumbuliwa na hesabu, lakini alishindwa kusoma maneno mepesi.

Kwa nini? Mtoto hujifunza kusema kwa kuwasikiliza watu, lakini kusoma ni lazima afundishwe. Akisoma, ubongo huunganisha kazi ya macho na kazi ya lugha, hasa upande wa kushoto. Sehemu ya nyuma hutambua umbo la neno, nyingine iliyo juu ya sikio huunganisha herufi na sauti yake, na ya mbele hushughulikia matamshi.

Tangu miaka ya 1990, wataalamu wametumia kipimo cha MRI kuutazama ubongo wakati mtu anasoma. Sehemu inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi, na mashine huonesha hilo. Mwaka 1998, Sally Shaywitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionesha kuwa kwa wenye disleksia zile sehemu za nyuma hazifanyi kazi ipasavyo.

Mwaka 2001, kwa kipimo kingine cha picha, watafiti waliwalinganisha Waitalia, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Upungufu ulikuwa mahali palepale. Hata hivyo Waitalia walikosea kidogo, kwani lugha yao husomwa kama inavyoandikwa, kama Kiswahili chetu. Basi mzazi, usingoje makosa mengi tu. Mtoto anayesoma polepole mno na kuchoka haraka naye atazamwe.

Usikimbilie kulipia MRI. Picha hizo ni za utafiti, na disleksia ya mtoto mmoja hutambuliwa kwa kumpima anavyosoma. Hakuna dawa ya kuiondoa, na mara nyingi hurithiwa, hivyo huenda baba au mama naye alipata taabu hiyohiyo.

La kufanya ni hili. Kwanza, mpeleke apimwe macho na masikio. Pili, afundishwe sauti ya kila herufi moja moja, dakika chache kila siku. Herufi zinazofanana, kama "ba" na "ta", zisifundishwe pamoja. Tatu, zungumza na mwalimu na ustadhi wampe muda na wamruhusu kujibu kwa mdomo. Watafiti wameona kuwa baada ya mafunzo ya namna hii, sehemu zilizozorota huanza kufanya kazi zaidi.

Fimbo haijapata kufanya hivyo. Humfundisha mtoto kukichukia kitabu, na sisi wazazi tutaulizwa juu ya amana hii.